Vitufe Vitatu na Nyumba ya Mama Mkwe

Tangazo. Wakazi, wapangaji, wenye nyumba, na hata nyinyi mnaopita tu na mifuko yenu: simameni wima, vueni kofia, punguzeni redio. Inatangazwa kwa heshima zote, bila tarumbeta kwa sababu hatukupewa, kwamba tangu binadamu alipogundua moto, na baadaye kidogo akagundua kwamba moto unaunguza, hajawahi kutokea mtu aliyesimamisha tingatinga kwa kidole gumba. Sasa ametokea. Ana miwani, ana kitambi cha kukaa kitini, na anaogopa kuku.

Habari ya kuku si chumvi. Alipokuwa mdogo, kuku mwenye vifaranga alimkimbiza kuzunguka nyumba mpaka akapanda juu ya tangi la maji, akakaa huko hadi baba yake aliporudi kutoka kazini. Tangu hapo aliiona dunia kama uwanja mpana wenye kuku mmoja aliyejificha. Akawa mtoto wa kujaribu kitasa mara mbili, wa kunusa maziwa kabla ya kuyanywa. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu nilimzaa ameangalia nyuma."

Ukubwani woga haukupungua, ulipata mshahara tu. Alijifunza kutengeneza mifumo ya kompyuta, na ikaonekana kwamba woga, ambao mtaani ni aibu, kwenye kazi hiyo ni kipaji. Fundi jasiri hutengeneza kitu akaondoka anapiga mluzi. Fundi mwoga hubaki amekikodolea macho: je, mtu akiandika jina lake mahali pa namba? Je, akibonyeza mara mbili? Je, mtoto akikalia kibodi? Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wahenga hawakuwa na kompyuta, lakini hilo walilipatia.

Aliajiriwa Kitengo cha Majengo Hatari, ghorofa ya juu, katika chumba chenye dirisha lililogoma kufunguka na meza iliyokuwa ikichechemea. Wote walimwita Fundi. Kazi ya kitengo ilikuwa kupokea taarifa za nyumba zenye nyufa na kuamua: hii itengenezwe, hii ingoje, hii iangushwe kabla haijajiangusha. Zamani karatasi ilizunguka meza hadi meza ikitafuta saini, na nyumba nyingine ziliporomoka zenyewe zikiwa kwenye foleni ya kubomolewa. Wenye nyumba walikuja kushukuru kwa huduma.

Ndipo Mkuu wa Kitengo, mtu mwenye sauti ya mgeni rasmi hata anapoagiza chai, akamwamuru Fundi: "Nataka fomu moja kwenye kompyuta. Moja! Mtu anajaza, anabonyeza, kazi imekwisha."

Fundi akatengeneza fomu moja yenye vitufe vitatu chini yake. Hifadhi, taarifa iwekwe mpaka wakaguzi waende. Rudisha, suala lirudi kwa mwenye nyumba afanye matengenezo, na kama dereva wa tingatinga alishaitwa, aambiwe aondoke. Na Bomoa. Hicho alikipaka rangi nyekundu, maana kikibonyezwa ujumbe ulikwenda moja kwa moja kwa dereva, na dereva hakuwa mtu wa kuremba.

Mwanzoni vitufe vile vilimnyima usingizi. Vitufe vitatu kwenye fomu moja ni kama watoto watatu wanaobisha hodi mlango mmoja. Seva, yaani ile kompyuta ya chumba cha nyuma inayopokea kila kinachotumwa, ilisikia hodi tu, haikujua nani kabisha. Ubonyeze Hifadhi, ubonyeze Bomoa, kwake yote yalikuwa ngo ngo ngo. Fundi akakipa kila kitufe jina, ili fomu ikitumwa, jina la kitufe kilichobonyezwa liende nayo. Kisha akaifundisha seva adabu ya kuuliza: nani? Mimi Hifadhi. Haya, pita kabatini. Mimi Bomoa. Aa, wewe subiri kwanza. Maana kabla ya kubomoa, mfumo ulimtolea mtu swali: Una uhakika? Na Fundi, kwa woga wake, alikitanguliza Hifadhi mbele, chekundu akakisukuma mwisho kabisa, kama visu vinavyowekwa rafu ya juu.

Mkuu akaja kukagua. Mikono nyuma, tumbo mbele.

"Fundi, hiki chekundu mbona kiko mwisho?"

"Ni cha hatari, Mkuu. Nimekiweka mbali na mkono."

"Sisi ni kitengo cha nini?"

"Majengo Hatari, Mkuu."

"Sasa kazi yetu kubwa inakaaje mkiani kama kupe? Kwenye ofisi yangu vitu vinakaa kwa vyeo. Bomoa mbele. Hicho cha kurudisha kiende nyuma huko, sisi si watu wa kurudisha." Akainama kwenye skrini. "Na huyu anayeuliza 'Una uhakika?' ni nani?"

"Ni mfumo, Mkuu. Unamuuliza mtu kabla hajaharibu."

"Mfumo wangu unaniuliza mimi kama nina uhakika? Mkeo anakuuliza hivyo?"

Ukweli ni kwamba mkewe alimuuliza hivyo kila siku iendayo kwa Mungu.

"Ondoa," akasema Mkuu.

Akaondoa. Akapanga vitufe kwa vyeo. Na hakuna kilichoharibika, kwa sababu aliyekaa kwenye fomu ile alikuwa dada mmoja wa kucha ndefu, aliyezitunza kucha zile kuliko kazi. Kila jambo alilifanya kwa kipanya, taratibu, akibofya kama anayebandua stempu. Miezi ikapita. Fundi akaanza kulala.

Sasa tuje kwa kuku mkubwa. Mama wa mkewe alikuwa mwanamke mfupi, mnyoofu, mjane, aliyeishi peke yake nyuma ya kiwanda cha magodoro katika nyumba aliyoijenga chumba baada ya chumba. Alimpokea Fundi siku ya kwanza kwa kumwangalia viatu.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Natengeneza fomu, Mama."

"Za karatasi?"

"Hapana, Mama. Za kwenye kompyuta."

"Kwa hiyo hakuna kitu cha kushika."

Kila alipokwenda kule alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Kwa hiyo ukuta wa chumba cha mbele ulipopata ufa, na Mama Mkwe akataka kibali cha kuutengeneza, Fundi aliona mbingu zimefunguka.

"Wewe si uko hapo hapo?" mkewe akamwambia. "Msaidie basi. Aone kwamba una faida."

"Nitalishughulikia mwenyewe," Fundi akasema, akavuta pumzi mpaka shati likambana. Ni neno baya sana, "nitalishughulikia mwenyewe". Asubuhi iliyofuata alikwenda ofisini na ombi la Mama Mkwe kwenye bahasha safi.

Dada wa kucha alikuwa likizo. Kwenye kiti chake alikaa Bi Taipu.

Bi Taipu alikuwa mkongwe wa ofisi, mama mwema, mwenye vidole kama misumari. Alijifunzia kazi kwenye taipureta, zile mashine za chuma ambazo mstari ukiisha lazima usukume mkono wa pembeni, mashine iruke mstari. Kompyuta zilipokuja, alitafuta mkono wa kusukuma akaukosa. Akaonyeshwa Enta, akaridhika. Tangu siku hiyo, kila alichoandika, jina, namba, hata herufi moja, alikifunga kwa Enta, kidole kikishuka kama kandambili juu ya mende.

"Niachie, mwanangu," alimwambia Fundi, akaipokea bahasha. "Kanywe chai."

Fundi akaenda upande wa pili wa ubao unaogawa chumba, akamimina chai, akaketi. Akaisikia ile misumari ikifanya kazi. Ta-ta-ta-ta. Ko!

Alitabasamu. Ko. Mlio wa nyakati za zamani.

Kikombe kikasimama kati ya meza na mdomo.

Kuna jambo kila fundi wa fomu analijua. Ukiwa ndani ya kisanduku cha kuandikia ukapiga Enta, kivinjari, ile programu inayokuonyesha fomu, hakikuulizi unataka kitufe kipi. Kinakubonyezea chenyewe. Na kinachobonyezwa ni cha kwanza kwenye fomu. Siku zote cha kwanza. Fundi alilijua hilo kama alivyojua jina la mama yake, na hapo zamani cha kwanza kilikuwa Hifadhi, hakina madhara. Lakini siku ile alipopanga vitufe kwa vyeo alikuwa ameshughulika sana kumwogopa Mkuu, mpaka akasahau kuiogopa Enta.

"Bi Taipu," akaita, sauti ikitoka kama ya mtu aliye chini ya maji. "Umeandika nini?"

"Namba ya nyumba tu, mwanangu. Imekubali hapo hapo! Hata jina la mwenyewe sijaweka. Mashine zenu hizi zina akili jamani, zinajimalizia."

"Nyumba ipi?"

"Si hii ya mkweo? Umeniletea mwenyewe."

Alifika kwenye skrini bila kujua miguu imempitisha wapi. Kulikuwa na maandishi ya kijani, rangi aliyoichagua mwenyewe ili watu wafurahi: Hongera! Agizo la kubomoa limetumwa. Chini yake, kwa herufi ndogo: Wakazi waliomo: Hakuna. Hilo nalo lilikuwa lake. Aliona nafasi tupu zinaleta fujo, akaamua mtu asipojaza kitu, mfumo ujaze "Hakuna". Nadhifu. Mama wa watu amefutwa kwa unadhifu.

Akatafuta kitufe cha kutengua, akakumbuka hakipo. Mkuu alikikataa: kitengo hakitengui. Akampigia dereva. Simu ikaita, ikaita, ikakata. Dereva huyu aliitwa Mfagio, kwa kuwa alipopita hapakubaki kitu. Akiwa kazini alivaa vizibo vya masikio vikubwa kama vibakuli, koti lenye simu yake akalitundika mbali na mashine, na mbele ya usukani akafunga kwa mpira kasimu kadogo ka ofisi kanakopokea ujumbe wa mfumo tu. Hakapigiki. Wazo la nani? La Fundi. Dereva asisumbuliwe.

"Mfagio yuko wapi leo?" akauliza.

"Yuko kwenye lile ghala la nyuma ya kiwanda cha magodoro," akasema Bi Taipu. "Amelimaliza tangu asubuhi, alinipigia akiulizia chai. Mbona umepauka?"

Nyuma ya kiwanda cha magodoro. Kutoka pale hadi kwa Mama Mkwe, mtu mwenye mguu mbovu angefika bila kupumzika.

Akampigia Mkuu. Mkuu alikuwa kwenye kikao, akapokea kwa kunong'ona, na mnong'ono wake nao ulikuwa na mwangwi.

"Nani aliidhinisha?"

"Mfumo, Mkuu. Kwa bahati mbaya."

"Mfumo hauna bahati mbaya. Uliniambia mwenyewe siku ya uzinduzi."

"Mkuu, ni nyumba ya mama mkwe wangu! Yumo ndani!"

"Pole sana. Andika barua." Akakata.

Ikabaki namba moja, na Fundi aliitazama kama anavyotazama mbwa asiyefungwa. Akapiga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana, Mama. Bado. Yaani, hakuna. Mama, naomba utoke nje."

"Nitoke nje nifanye nini?"

"Upunge hewa tu, Mama. Usimame mbali kidogo. Ng'ambo ya barabara."

"Baba, umekunywa?"

"Sijanywa, Mama! Ni ile habari ya kibali, kumetokea—"

Maneno yalikuwa pale pale ulimini, "nimeibomoa nyumba yako", na ulimi ukayakataa kama mtoto anavyokataa dawa. Angelisema mapema, habari hii ingelikuwa fupi.

"Nimeamka kabla ya jogoo, nimefua, nimepiga deki," akasema Mama Mkwe. "Sasa najilaza. Kiwanda hiki kinanguruma, naziba masikio na pamba yangu. Ukilevuka, njoo na mwenzio mniambie." Naye akakata. Mara ya pili simu ikaita bila majibu, na Fundi akaona kabisa akilini ile pamba ikiingia, sikio la kulia, sikio la kushoto.

Akashuka ngazi akizikosa nyingine. Nje akadandia pikipiki ya kwanza aliyoiona. Aliogopa pikipiki tangu zamani, alikuwa na sababu zake na alizipanga kwa mpangilio mzuri. Safari hii alimpigia dereva kelele za "kimbia!" mpaka yule kijana akageuka.

"Kaka, unafukuzwa au unafukuza?"

"Endesha!"

Wakakata kona ya kiwanda na Fundi akaisikia kabla ya kuiona. Si mngurumo wa kiwanda. Mwingine, wa chini zaidi, unaoingilia nyayoni. Tingatinga lilikuwa limegeuza pua kuelekea geti la Mama Mkwe, la njano, kubwa kuliko nyumba yenyewe, minyororo ikitafuna mchanga. Majirani walikuwa kazini. Mapazia yalikuwa yamefungwa.

Fundi akajipenyeza getini, akauvamia mlango. Akapiga kwa ngumi, kwa viganja, kwa teke. "Mama! Mama, fungua!" Mlango ulikuwa mzuri, mbao nzito, hausogei. Mama Mkwe hakununua kitu hafifu maishani, isipokuwa, kwa maoni yake, mkwe. Ndani kimya. Ile pamba nayo haikuwa hafifu.

Nyuma yake kitu kikalia kama karatasi inayochanwa, ila ni chuma. Akageuka. Geti lilikuwa limeng'oka na kulala kwa mshazari uani, na juu yake, kama anayechungulia, bakuli la meno la tingatinga. Fundi alikuwa ndani ya ua, mgongo mlangoni, mikono hewani.

Mashine ikasimama. Mfagio akainua kizibo kimoja cha sikio.

"Kaka, sogea!"

"Zima! Ni makosa! Kuna mtu ndani!"

"Ujumbe umesema hakuna."

"Mimi ndiye niliyeuandika huo ujumbe! Yaani mashine! Mimi ni Fundi wa ofisini, unanijua!"

"Nakujua vizuri tu. Na ndugu wa nyumba pia nawajua." Mfagio alisema bila chuki. "Kila nyumba ina mpwa wa kulia. Mwingine kanionyesha cheti cha ubatizo. Nimepiga honi, hakuna aliyetoka. Ujumbe umenileta, ujumbe utaniondoa. Mkuu ndivyo alivyonifundisha, na mara ya mwisho nilimsikiliza mtu wa mdomoni nikakatwa mshahara." Akatoa sigara. "Wafiwa huwa nawapa muda wa sigara moja. Ikiisha, nasukuma. Na ukija ujumbe wa pili wa kubomoa, hata sigara simalizi, maana hapo najua Mkuu ameshakasirika."

Akawasha, akarudisha kizibo sikioni, akatazama mawingu.

Ujumbe utaniondoa. Ndipo akakikumbuka kitufe cha Rudisha, ambacho kwa kiwewe alikisahau alipokuwa mbele ya kompyuta ofisini. Fundi akatoa simu. Akafungua mfumo. Nywila akaikosea. Akaikosea tena. Ya tatu ikakubali, na fomu yake ikamtokea usoni, ile ile, kwenye kioo kidogo kama kipande cha sabuni.

Akaandika namba ya nyumba, tarakimu moja moja, akizitamka. Kisha akatafuta kitufe cha Rudisha, akaona kwa nini watu huchukia mafundi. Kibodi ya simu ilikuwa imefunika nusu ya skrini. Vitufe vyote vilikuwa chini yake. Kilichobaki wazi, pale kona ya kulia ambapo kidole gumba hupumzika, kilikuwa kishale cha kijani. Na kishale kile ni Enta kwa jina la nyumbani. Ukikigusa, fomu inakwenda na kitufe cha kwanza. Bomoa. Ujumbe wa pili.

Akakiondoa kidole gumba pale kama anayekitoa mdomoni mwa nyoka.

Sigara ilikuwa imefika katikati. Mfagio alikuwa na mapafu ya mtu wa kazi.

Akagusa sehemu tupu ya ukurasa. Kibodi ikashuka, ukurasa ukaruka, na mbele ya macho yake kikajaa kitufe chekundu, kipana, skrini nzima kwa upana: Bomoa. Kwenye kompyuta vitufe vilikaa ubavu kwa ubavu. Kwenye simu vilipandana kwa vyeo, kikubwa juu, na hata havikuachiana nafasi ya kutosha kidole cha mtu mzima. Jasho likadondoka kwenye kioo, tone moja, juu ya nyekundu. Simu nyingine hudhani tone ni kidole. Akangoja. Hakikutokea kitu. Akalifuta kwa kola ya shati, akiinamisha kichwa badala ya kutumia mkono, kwa kuwa mkono hakuuamini tena.

Akasukuma ukurasa juu, taratibu. Nyekundu ikapanda. Hifadhi ikapita. Hifadhi haisaidii, Hifadhi ingeweka kumbukumbu nzuri ya nyumba iliyokuwapo. Chini kabisa, nusu yake imekatwa na ukingo wa skrini, Rudisha.

Mfagio alidondosha kichungi cha sigara. Injini ikakoroma. Kivuli cha bakuli la meno kikapanda miguuni mwa Fundi, magotini, kikafika kwenye skrini, na katika giza lile la ghafla akabonyeza.

Duara dogo likaanza kuzunguka. Mtandao. Duara likazunguka. Alikuwa amelichagua mwenyewe duara lile, miongoni mwa mengi, kwa sababu lilionekana tulivu. Bakuli la meno likapita juu ya kichwa chake, akasikia harufu ya mafuta na udongo. Akafumba macho, na katika kiza cha macho yake akamwona kuku.

Injini ikashuka sauti.

Alipofumbua, kale kasimu kadogo mbele ya usukani kalikuwa kakiwaka. Mfagio alikuwa akisoma, midomo ikicheza. Akainua kizibo.

"Imerudishwa," akasema. "Si mngesema mapema?" Na tingatinga likarudi nyuma, likageuka, likaondoka zake kutafuta chai.

Mlango ukafunguka. Mama Mkwe alisimama pale, pamba mkononi, akamtazama mkwewe aliyeketi kwenye kizingiti chake, kisha geti lake lililolala uani.

"Nyumba imetikisika kitanda kikasogea," akasema. "Nani kang'oa geti langu?"

Akamweleza. Lote, tangu Enta. Safari hii ulimi haukukataa. Hofu ilikuwa imemwishia kama maji mtungini, hakubakiwa hata na tone la kumwogopea mama huyu. Mama Mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama alama za minyororo, na mahali zilipoishia, na mahali mkwewe alipokuwa amesimama. Akaingia ndani, akamletea maji.

Ofisini Mkuu alikuwa akimsubiri. "Nasikia umetengua amri yangu bila barua."

"Ndiyo, Mkuu. Na Bi Taipu bado yuko kwenye kiti. Ombi linalofuata mezani kwake ni la kwako, lile la kuongeza chumba cha wageni."

Upande wa pili wa ubao ikasikika: ta-ta-ta—

"Bi Taipu!" Mkuu alipaza sauti, na kwa mara ya kwanza ilikuwa sauti ya mtu wa kawaida. "Mikono juu!"

Siku hiyo hiyo swali la Una uhakika likarudi kazini kwa heshima zote. Kutengua nako kukaruhusiwa. Kuhusu vyeo, Mkuu hakukubali kushuka, kwa hiyo Fundi akamfanyia kama wanavyofanyiwa wakubwa wengi: machoni pa watu chekundu kilibaki mbele kama mgeni rasmi, lakini ndani ya msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha fomu, mahali ambapo kivinjari husoma na wakubwa hawafiki, wa kwanza akawa Hifadhi. Bi Taipu aliendelea kupiga Enta yake kila mstari. Nyumba za mji zikawa zinahifadhiwa mara nyingi nyingi, na hazikudhurika.

Jumapili, geti jipya likiwa limesimama, Mama Mkwe alialika majirani. Walijaa ukumbini, wengine wakakaa kwenye mikono ya viti. Fundi aliwekwa katikati, kwenye kochi, mahali ambapo hajawahi kukaa, na mkewe ubavuni akizuia kicheko. Mama Mkwe akasimama, akagonga glasi kwa kijiko.

"Jamani, huyu mtu nilimdharau," akasema. "Nilisema hana cha kushika. Sasa nisikilizeni. Chuma kimekuja juu yake, cha kuua ng'ombe, na ndani mimi nimelala sijui lolote. Mwanamume gani hapa asingekimbia? Semeni! Wewe jirani, ungebaki? Usingebaki. Huyu alibaki. Alisimama mlangoni pangu kama mlingoti, hakusogea hata unyayo." Majirani wakaguna kwa heshima, mmoja akaanza kupiga makofi, akanyamazishwa. Mama Mkwe akamgeukia, macho yameloa. "Waambie, mwanangu. Usione haya. Saa ile umesimama pale, moyoni ulikuwa unawaza nini?"

Fundi akasafisha miwani.

"Nilitaka kukimbia, Mama," akasema. "Geti lilikuwa limeziba njia."